Mpita Njia Ndani ya Picha: Upigaji Picha wa Mitaani Ulianzia Wapi?

Msomaji mmoja ameniandikia kuuliza jambo ambalo nimeulizwa mara nyingi, ingawa yeye ameliweka vizuri kuliko wengi. Anasema alifundishwa kwamba upigaji picha wa mitaani ulianzishwa na Mfaransa Henri Cartier-Bresson katika miaka ya 1930 baada ya kupata kamera ndogo ya Leica, na kwamba wote waliofuata ni wanafunzi wake. Anataka kujua kama hilo ni kweli, na kama si kweli, sanaa hii ilianzia wapi na imebadilika vipi hadi leo ambapo kamera imo ndani ya kila simu. Mwishoni ameongeza swali la tatu, ambalo nadhani ndilo linalomsumbua zaidi: je, ni haki kumpiga picha mtu asiyejua kwamba anapigwa?

Ndugu msomaji, jibu fupi la swali lako la kwanza ni hapana. Mtaa ulikuwamo ndani ya picha tangu mwanzo kabisa wa upigaji picha, karibu miaka 100 kabla ya Cartier-Bresson kushika kamera. Aliyekosekana ni mtu anayepita. Kwa maoni yangu, historia ya sanaa hii inaeleweka vizuri zaidi ukimfuata huyo mpita njia kuliko ukizifuata kamera na majina ya wapiga picha mashuhuri: jinsi alivyofutwa na kamera isiyoweza kumwona, akaja kuombwa asimame, kisha sura yake ikachukuliwa kwa siri, na hatimaye akaanza kuuliza ni nani aliyetoa ruhusa. Nitalijibu swali lako kwa njia hiyo, na utaona kwamba swali lako la tatu halikuja baada ya historia. Limekuwa ndani yake wakati wote.

Mwaka 1838 Louis Daguerre, Mfaransa mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, aliielekeza kamera yake nje ya dirisha, kwenye barabara ya Boulevard du Temple jijini Paris. Barabara hiyo ilikuwa na pilikapilika nyingi, magari ya farasi yakipishana na watu wakienda huku na huko. Lakini bamba la shaba lililopakwa fedha ndani ya kamera lilihitaji dakika kadhaa ili lipokee mwanga wa kutosha, na chochote kilichosogea katika muda huo hakikuacha alama. Picha iliyotokea inaonyesha barabara iliyo karibu tupu, isipokuwa umbo dogo la mtu mmoja upande wa chini kushoto, aliyesimama ameinua mguu mmoja ili viatu vyake vipigwe rangi. Alibaki kwenye picha kwa sababu alitulia. Aliyekuwa akimpiga viatu rangi anaonekana kwa ukungu tu, kwa kuwa mikono na mwili wake vilikuwa kazini. Samuel Morse, yule yule wa telegrafu, aliiona picha hiyo mwaka 1839 akawaandikia ndugu zake barua, akistaajabu jinsi barabara yenye msongamano ilivyoonekana kama imehamwa, akabaki mtu mmoja na viatu vyake. Wengi humhesabu mtu huyo kuwa binadamu wa kwanza kuonekana katika picha iliyosalia hadi leo. Mimi huwaomba wanafunzi wa picha waitazame kwa muda mrefu kabla ya kutazama nyingine yoyote, kwa sababu inaonyesha kwamba kamera haikuanza kwa kuwaona watu wote sawasawa: ilimwona aliyeweza kusimama akahudumiwa, ikamkosa aliyekuwa akifanya kazi.

Kwa miaka 40 iliyofuata, mpiga picha aliyetaka watu wa mtaani kwenye picha yake alilazimika kuwasimamisha. Mwaka 1851 Charles Nègre, aliyeanza kama mchoraji, alipiga picha ya wasafishaji wa mabomba ya moshi watatu kando ya mto jijini Paris. Wanaonekana kana kwamba wanatembea, ilhali walikuwa wametulia tuli katika mkao wa kutembea. Mwaka huo huo Frederick Scott Archer wa Uingereza alitangaza njia ya mabamba ya kioo yenye dawa mbichi, ambayo ilifupisha muda wa kupokea mwanga lakini ikamfunga mpiga picha kwa kamba nyingine: bamba lilipaswa kupakwa dawa, kupigwa na kusafishwa kabla dawa haijakauka, hivyo chumba cha giza, au angalau hema lake, kilisafiri pamoja naye. Ndivyo alivyofanya kazi John Thomson, Mskoti aliyekuwa amekaa Asia kwa takriban miaka 10, alipopiga watu maskini wa London kwa ajili ya kitabu kilichotoka kwa sehemu kuanzia mwaka 1877, huku mwandishi Adolphe Smith akisaidia kuandika maelezo. Katika picha inayokumbukwa zaidi, mwanamke ameketi kwenye ngazi ya mlango akiwa amempakata mtoto mchanga. Picha hizo ni nzuri na zina heshima, lakini watu waliomo walijua kwamba wanapigwa. Hakuna uwezekano wa kumshtukiza mtu ukiwa umebeba kamera yenye miguu mitatu, hema na chupa za dawa.

Mabadiliko makubwa, ambayo vitabu vingi huyapita haraka ili kuifikia Leica, yalitokea kati ya mwaka 1871 na mwisho wa miaka ya 1880. Daktari Mwingereza Richard Leach Maddox alipendekeza mwaka 1871 dawa ichanganywe na jelatini, na baada ya wengine kuiboresha, mabamba makavu yalianza kutengenezwa viwandani na kuuzwa tayari. Yaliweza kukaa kwa muda mrefu kabla ya kutumika, na yalikuwa mepesi kupokea mwanga kiasi kwamba picha ingeweza kupigwa kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Kwa mara ya kwanza mguu ulionyanyuliwa uliweza kubaki hewani ndani ya picha. Kisha mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ya Kodak kwa dola 25, ikiwa na filamu ya picha 100. Mnunuzi aliirudisha kamera nzima kiwandani Rochester, ikasafishwa picha na kuwekwa filamu mpya. Mwaka 1900 ikaja Brownie ya dola moja. Kamera ikawa mikononi mwa watoto, makarani na watalii.

Hapo ndipo picha za siri zilipoanza. Katika miaka ya 1880 na 1890 ziliuzwa kamera zilizofichwa ndani ya vitabu vya uongo, kofia na fimbo za kutembelea. Kamera ya Stirn ilikuwa kisahani cha chuma kilichovaliwa chini ya fulana ya suti, lenzi ikichungulia kwenye tundu la kifungo, na bamba lake la mviringo lilibeba picha sita. Mwanafunzi wa hisabati Carl Størmer alitembea nayo katika barabara kuu ya Kristiania, jiji ambalo sasa ni Oslo, kuanzia mwaka 1893, akiwasalimu watu na kuwapiga wakati wanamrudishia salamu. Miongoni mwao yumo mwandishi wa tamthilia Henrik Ibsen. Baadaye Størmer alipata sifa duniani kwa utafiti wake kuhusu mianga ya anga la kaskazini, lakini picha zake za ujana zinastahili kutajwa katika historia yetu: watu wanatabasamu, wanavua kofia, wanaonekana wakiwa na miili hai, tofauti kabisa na picha za studio za wakati huo ambamo kila mmoja amekaza uso. Jijini London, Paul Martin, mchongaji wa picha za magazeti, alibeba kwapani kamera iliyofanana na kifurushi, akawapiga wachuuzi sokoni na wapenzi waliojilaza ufukweni. Hawa wawili walikuwa wakifanya, zaidi ya miaka 30 kabla ya Cartier-Bresson, kile ambacho leo kila mtu angekiita upigaji picha wa mitaani.

Na mpita njia hakunyamaza. Mwaka 1890 wanasheria wawili wa Marekani, Samuel Warren na Louis Brandeis, walichapisha katika jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Harvard makala iliyojenga hoja ya haki ya mtu kuachwa kwa faragha yake, na miongoni mwa mambo waliyoyataja kuwa tishio ni picha za papo kwa papo pamoja na magazeti. Mwaka 1902 mahakama ya rufaa ya New York ilikataa kumlinda msichana ambaye sura yake ilitumika bila idhini kwenye tangazo la unga. Wananchi walikasirika, na mwaka 1903 bunge la jimbo hilo likatunga sheria ya kuzuia sura ya mtu kutumika kwa matangazo au biashara bila idhini yake ya maandishi. Iweke sheria hiyo akilini, kwa maana tutarudi kwayo.

Kabla ya kufika kwenye Leica, lazima nimtaje Eugène Atget, ingawa yeye alikwenda kinyume na mwendo wote huo. Alikuwa baharia, kisha mwigizaji asiye na bahati, na tangu miaka ya 1890 hadi kifo chake mwaka 1927 alizunguka Paris na kamera nzito ya mbao na mabamba ya kioo ya sentimita 18 kwa 24, vifaa vilivyokuwa vimepitwa na wakati. Alipiga milango, madirisha ya maduka, nyua, ngazi, waokota matambara, wapiga kinanda wa mtaani. Akaacha picha zaidi ya 8,000. Aliziuza kwa wachoraji na maktaba kama kumbukumbu tu, wala hakudai kuwa ni sanaa. Kwa kuwa mara nyingi alitoka alfajiri, mitaa yake haina watu, na kama yupo mtu, pengine ni kivuli nyuma ya kioo. Mmarekani Berenice Abbott ndiye aliyeokoa sehemu kubwa ya kazi zake baada ya kifo chake, na mwaka 1968 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York ikazinunua. Huenda ukauliza mtu asiyepiga watu anahusikaje. Anahusika kwa sababu ndiye aliyethibitisha kwamba mtaa wa kawaida, bila mnara wala sherehe, unatosha kuwa kazi ya maisha ya mtu mzima. Karibu kila mpiga picha wa mitaani niliyemsoma au kumtazama kwa makini ana deni kwake.

Sasa Leica. Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz huko Wetzlar, Ujerumani, alitengeneza kamera ya kwanza ya majaribio kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, akitumia filamu ya sinema ya milimita 35 iliyopitishwa kwa ulalo, ili kila picha iwe na ukubwa wa milimita 24 kwa 36. Iliingia sokoni mwaka 1925. Ilikaa mfukoni, ilibeba picha 36 kwa filamu moja, na aliyeishika aliitazama dunia kupitia tundu lililokuwa mbele ya jicho lake, si kwa kuinamia kioo kifuani. Haikuwa kamera ya kwanza ndogo wala ya kwanza ya haraka. Iliwezesha jambo jingine: mtu kutembea, kutazama na kupiga mfululizo bila kukata mwendo, hata kupiga ikawa sehemu ya kutembea kwenyewe. Mhungaria André Kertész alikuwa tayari anaitumia Paris mwishoni mwa miaka ya 1920, na Cartier-Bresson alikiri waziwazi kwamba Kertész alitangulia.

Cartier-Bresson alizaliwa mwaka 1908, akasomea uchoraji kwa mchoraji André Lhote, akaenda Côte d'Ivoire kuwinda, akaugua homa nusura afe. Baada ya kurudi Ufaransa aliona picha ya mpiga picha Martin Munkácsi ya wavulana watatu weusi wakikimbilia majini, picha inayojulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika, na alisema hadi uzeeni kwamba hiyo ndiyo iliyomfanya atambue kuwa picha inaweza kushika nukta moja ya wakati na kuifanya ya milele. Mwaka 1932 akawa na Leica mkononi, na mwaka huo huo, nyuma ya kituo cha treni cha Saint-Lazare, aliipenyeza lenzi kwenye mwanya wa ua wa mbao akampiga mtu anayeruka dimbwi, kisigino kikiwa karibu kabisa kugusa maji. Ni mojawapo ya picha chache sana alizokubali zikatwe pembeni, kwa sababu ubao wa ua uliingia kwenye fremu.

Kitabu chake cha mwaka 1952 kimeleta kutoelewana ambako kunaendelea hadi leo. Jina lake la Kifaransa, *Images à la sauvette*, linabeba maana ya kitu kinachofanywa kwa haraka na kwa kujiiba, kama mchuuzi asiye na leseni anayeuza huku akimtazama askari kwa kona ya jicho. Toleo la Kiingereza likapewa jina la *The Decisive Moment*, yaani wakati wa kuamua mambo, kutokana na maneno ya kadinali mmoja wa karne ya 17 yaliyonukuliwa ndani ya kitabu. Jina la pili ndilo lililoenea, na vizazi vya wapiga picha wakaamini kwamba kazi yao ni kusubiri nukta moja kamilifu ambapo kila kitu kinajipanga. Naona jina la kwanza ni la kweli zaidi. Lilikubali kwamba mpiga picha wa mitaani ni mtu anayechukua kitu ambacho hakupewa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usimwite Cartier-Bresson mwanzilishi. Mwite mtu aliyeupa ujanja huo wa kale nidhamu ya mchoraji, kiasi kwamba watu walioutazama hapo kabla kama mchezo wa vijana wakaanza kuuheshimu.

Katika miaka hiyo hiyo magazeti ya picha yalishamiri, *Vu* la Ufaransa kuanzia mwaka 1928 na *Life* la Marekani kuanzia mwaka 1936, yakawalipa wapiga picha hao. Ndiyo maana wengi huuchanganya upigaji picha wa mitaani na uandishi wa habari. Mwandishi wa habari huenda mahali kwa sababu kuna tukio; wa mitaani huenda ingawa hakuna tukio, na hana mhariri anayesubiri maelezo ya nani, wapi na kwa nini. Wala usimchanganye na yule fundi anayekaa kando ya barabara kupiga wateja kwa malipo, ambaye katika Kiswahili naye tunamwita mpiga picha wa mitaani. Mteja wa huyo amejipanga na anajua ataipata nakala yake. Pia neno "mtaa" katika sanaa hii lisikubane: ufukwe, soko, treni na uwanja wa maonyesho vyote vimo.

Siri haikuisha baada ya Leica. Jijini New York Paul Strand alikuwa amempiga mwanamke kipofu mwaka 1916 kwa kamera yenye lenzi ya uongo ubavuni, ili watu wadhani anaangalia kwingine. Kati ya mwaka 1938 na 1941 Walker Evans alikaa ndani ya treni za chini ya ardhi, kamera ikiwa chini ya koti lake, lenzi ikichungulia kati ya vifungo na waya wa kupigia ukipita ndani ya mkono wa koti. Hakuzichapisha picha hizo kama kitabu mpaka mwaka 1966, miaka 25 baadaye, na sababu mojawapo ilikuwa kuwastahi abiria wale. Rafiki yake Helen Levitt, aliyewapiga watoto wakicheza na kuchora kwa chaki kwenye kuta za mitaa maskini ya jiji hilo, alitumia kitazamio chenye kioo cha pembe kilichomwezesha kuelekea upande mmoja na kupiga upande mwingine. Nazitazama picha za Levitt kwa furaha isiyopungua, na sijui mtu mwingine aliyewapenda wapita njia wake kama yeye, lakini siwezi kuficha kwamba upendo huo ulipitia kwenye hila.

Katika miaka ya 1950 wapiga picha wawili waliivunja nidhamu ya Cartier-Bresson kwa makusudi. William Klein alirudi New York alikozaliwa, akawasogelea watu kwa lenzi pana mpaka wakamwona, wakamcheka, wakamnyooshea bastola za kuchezea. Picha zake zina ukungu na chembechembe, na kitabu chake kilichapishwa Paris mwaka 1956 baada ya wachapishaji wa Marekani kukikataa. Kwake mpita njia anajua, na anajibu. Robert Frank, mzaliwa wa Uswisi, alipata ufadhili wa Guggenheim, wakfu wa Marekani unaosaidia wasanii na wasomi, mwaka 1955 akaizunguka Marekani kwa gari, akapiga picha zipatazo 27,000, kisha akachagua 83 tu. *The Americans* kilitoka Paris mwaka 1958 na Marekani mwaka uliofuata, na baadhi ya wahakiki wakakishutumu vikali, wakisema picha zake ni chafu, zimepinda na zinalitukana taifa. Hesabu hiyo ya 83 kati ya 27,000 ndiyo somo kubwa la Frank. Nguvu ya kitabu haimo katika picha moja moja. Imo katika jinsi moja inavyoifuata nyingine: bendera, gari, jeneza, sanduku la muziki, halafu tena bendera.

Mwaka 1967 John Szarkowski, msimamizi wa picha katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, aliwakutanisha wapiga picha Diane Arbus, Lee Friedlander na Garry Winogrand katika maonyesho ya *New Documents*, akisisitiza kwamba kizazi hiki hakitaki kurekebisha maisha bali kuyafahamu. Kutoka hapo taasisi za sanaa zikaukubali mtaa. Winogrand, ambaye hakulipenda kabisa jina la "mpiga picha wa mitaani", alipiga bila kukoma hadi kifo chake mwaka 1984, akaacha filamu zaidi ya 2,500 ambazo zilikuwa bado hazijasafishwa. Alipokuwa hai alikuwa na desturi ya kuziacha filamu zikae mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuzisafisha, ili asahau alivyojisikia wakati wa kupiga na aihukumu picha kwa kile kilichomo.

Ukihesabu Paris na New York peke yake, utakuwa umesoma nusu ya habari. Nchini Japani jarida la *Provoke*, lililotoka kuanzia mwaka 1968 kwa matoleo matatu, liliwapa watu kama Daido Moriyama nafasi ya kuchapisha picha zilizochakaa, zilizotikisika, zisizolenga kitu, kama macho ya mtu aliyechoka anayetembea usiku. Nchini India Raghubir Singh alizikataa picha za nyeusi na nyeupe, akisema rangi ni sehemu ya jinsi watu wake wanavyoiona dunia, tena kabla wakosoaji wa Marekani hawajakubali kwamba rangi inaweza kuwa sanaa.

Afrika Kusini, Ernest Cole alifanya kazi ambayo kwangu inalibadilisha swali zima la siri. Mtu mweusi chini ya ubaguzi wa rangi hakuwa huru kusimama barabarani na kamera. Cole alibadilishiwa daraja la rangi serikalini, akaandikwa chotara badala ya mweusi, ili aweze kutembea kwa nafasi zaidi, akaingiza kamera kwenye makambi ya wachimba madini akiwa ameificha ndani ya mfuko wa chakula, akapiga ukaguzi wa pasi, yaani vibali ambavyo watu weusi walilazimika kutembea navyo, treni zilizojaa hadi milangoni, mabenchi ya wazungu peke yao. Aliondoka nchini mwaka 1966. Kitabu chake *House of Bondage* kilitoka New York mwaka 1967 na kikapigwa marufuku nyumbani. Størmer alijificha kwa mchezo, Evans kwa subira ya msanii. Cole alijificha kwa sababu aliyekuwa akimkwepa alikuwa askari, na waliopigwa picha ndio hasa waliokuwa wananyang'anywa kila kitu kingine. Ndiyo maana siwezi kutoa hukumu moja kuhusu picha za siri. Lazima kwanza niulize mwenye nguvu ni nani kati ya hao wawili.

Rangi nitaigusa kwa haraka: mpiga picha Saul Leiter alipiga New York kwa rangi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 lakini kitabu chake cha kwanza cha picha hizo kilitoka mwaka 2006. Naye Vivian Maier, yaya wa Chicago, aliacha negativu (picha za filamu ambazo nakala hutolewa kwazo) zaidi ya 100,000 ambazo hakumwonyesha karibu mtu yeyote. Zilianza kufahamika baada ya sanduku zake kupigwa mnada mwaka 2007, naye akafariki mwaka 2009 bila kujua sifa iliyokuwa njiani.

Nimalize na swali lako la tatu, na kwanza upande wa sheria, ambao hautoshi peke yake lakini lazima uujue. Mpiga picha Mfaransa Robert Doisneau alipiga mwaka 1950 picha ya wapenzi wakibusiana mbele ya jengo la Manispaa ya Paris. Dunia nzima iliamini kuwa ni busu lililonaswa njiani, mpaka miaka ya 1990 madai ya malipo yalipofikishwa mahakamani na ikabidi aeleze kwamba aliwaomba wanafunzi wawili wa uigizaji wabusiane kwa ajili ya gazeti. Sababu yake ilikuwa kwamba hakuthubutu kuchapisha wapenzi wasiojua. Yaani aliikwepa dhuluma ya kuwaiba watu, akaangukia kutowaambia watazamaji ukweli. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Kanada iliamua kwamba msichana wa miaka 17 aliyepigwa picha akiwa ameketi kwenye ngazi za jengo huko Montreal, ikachapishwa bila idhini yake katika jarida la sanaa, alipwe dola 2,000. Jijini New York hali ikawa tofauti. Kati ya mwaka 1999 na 2001 mpiga picha Philip-Lorca diCorcia alitundika taa juu ya njia katika Times Square akawapiga wapita njia kutoka mbali. Mmoja wao, mzee aliyepinga kwa sababu za imani yake ya dini, alishtaki kwa kutumia ile sheria ya mwaka 1903, na mwaka 2006 jaji akasema kwamba picha ya sanaa si biashara kwa maana ya sheria hiyo, hata ikiuzwa kwa maelfu ya dola. Kitendo kimoja, majibu mawili. Kwa hiyo kabla ya kutoka na kamera, jifunze sheria ya mahali unaposimama, na ujue kwamba mara nyingi kupiga na kuchapisha vinahukumiwa tofauti.

Upande wa pili ni ule ambao simu imeubadilisha. Kasi si jambo jipya. Mguu hewani ulinaswa tangu miaka ya 1880. Hata wingi si mpya kabisa, kwani Winogrand alijizamisha katika wingi kabla ya simu. Jambo jipya ni umbali kati ya picha na aliyepigwa. Abiria wa Evans walilindwa na miaka 25 na ukweli kwamba wengi wao hawakuwahi kukishika kitabu kile. Mtu unayempiga leo saa nne asubuhi anaweza kuonwa na mwajiri wake, jirani zake na wanawe kabla ya saa sita, na programu za kutambua sura zinaweza kuiunganisha picha hiyo na jina lake bila mtu yeyote kumuuliza. Ile hali ya kupotea katika umati, iliyomfanya mpita njia awe mpita njia, ndiyo inayoondoka.

Kwa hiyo nakujibu hivi, kama maoni ya mtu aliyeitumikia sanaa hii kwa muda mrefu. Naamini bado ni haki kupiga bila kuomba, kwa sababu ukiomba kwanza utapata mkao na kuukosa mtaa, na bila picha za aina hiyo tusingejua watu wa Kristiania walivyocheka wala treni za Cole zilivyojaa. Lakini haki ya kupiga haibebi haki ya kusambaza. Usimpige mtu aliyedondoka, anayelia au asiyejimudu ikiwa picha hiyo haitamsaidia yeye wala watu walio katika hali kama yake. Mtu akikuona na kukukatalia, ifute mbele yake. Zile unazobaki nazo, ziache zikae kama Winogrand alivyoziacha filamu zake, wiki kadhaa au miezi, bila kuzipandisha mtandaoni. Kisha zirudie, uchague chache sana, na kwa kila moja ujiulize kama ungeweza kumwonyesha aliyemo huku umesimama mbele yake.